Chupa ya Maji Chini ya Begi

*Masomo ya kusindikiza tafakari: 1 Wafalme 19:1-8, Wagalatia 6:1-10, Mathayo 25:1-46*



Wapendwa kaka na dada, nimekaa na habari hii tangu Kwaresima iliyopita. Nimeanza kuiandika mara tatu na kuifuta, kwa sababu kila nikifika katikati naona aibu. Lakini mlezi wangu aliniambia kwamba dhambi ikishasamehewa inaweza hata kumsaidia mwingine, basi leo naiandika yote. Na nilishaungama kwa padre, msiwe na wasiwasi. Situmii ukurasa huu badala ya kiti cha kitubio.

Jangwa lenye milima

Wengi mnajua nimetumwa kusoma Texas, Marekani. Sisi wa Tanga tukisikia Marekani tunafikiria maghorofa na barafu. Kumbe huko magharibi mwa Texas, pale mto Rio Grande unapopinda ukitenganisha Marekani na Mexico, ni jangwa tupu. Ni kipande cha jangwa la Chihuahua, ambalo sehemu yake kubwa iko Mexico. Katikati ya jangwa hilo imesimama milima inayoitwa Chisos, kilele chake kikiwa na urefu wa zaidi ya mita 2,380. Milima yote imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Big Bend, iliyoanzishwa mwaka 1944.

Chuo kilifungwa wiki moja mwezi wa tatu. Tukaamua, waseminari watatu, kwenda kutembea kwa miguu njia inayoitwa Outer Mountain Loop. Ni mzunguko wa karibu kilomita 48, na watu wengi huutembea kwa siku tatu. Unaanzia bondeni katikati ya milima, unapanda karibu mita 500, unavuka kwenda upande wa pili, unateremka mpaka jangwani, unakatiza jangwa chini ya genge kubwa, halafu unapanda tena kurudi ulikotoka. Hakuna duka wala nyumba ya kulala, na simu haishiki. Unabeba hema lako, chakula chako na maji yako.

Tulikuwa mimi, mwenzangu mmoja kutoka Mexico ambaye tunakaa darasa moja, na kaka yetu mmoja Mmarekani, mkubwa kwetu kwa umri, ambaye alishaipita njia ile. Huyo ndiye aliyekuwa kiongozi wetu.

Jambo moja linatawala njia hiyo, nalo ni maji. Chemchemi zipo chache, na huwezi kuzitegemea, maana leo ina maji na wiki ijayo imekauka. Hifadhi inashauri kila mtu awe na galoni moja kwa siku, yaani karibu lita nne, na lita moja ya maji ni kilo moja. Hebu piga hesabu ya siku tatu uweke mgongoni, pamoja na hema na chakula, halafu panda mlima! Haiwezekani kirahisi. Kwa hiyo watu hufanya hivi: kabla ya kuanza safari, wanazunguka kwa gari mpaka mahali panapoitwa Homer Wilson Ranch, ambapo zamani palikuwa na ranchi ya mifugo, na njia inapita karibu na barabara. Pale kuna masanduku ya chuma ambayo dubu hawezi kuyafungua. Unaacha madumu yako ya maji ndani, umeandika jina lako na tarehe utakayoyachukua. Kisha unaondoka. Utakutana nayo siku ya pili, ukitokea jangwani.

Nasi tulifanya hivyo. Nakumbuka nilipofunga lile sanduku nilikuwa nimeshiba, nimelala vizuri, na sina kiu hata kidogo. Nikaona kama tunafanya mambo ya wazee waoga. Kwa siku ya kwanza na ya pili kila mmoja alitakiwa abebe lita nane. Kiongozi akatuuliza, "Kila mtu ana nane?" Tukaitikia wote, "Nane."

Siku ya pili

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Tulipanda kwenye misitu ya juu yenye baridi, tukaimba, tukasali Rozari tukitembea, tukateremka bonde la Juniper Canyon na kulala chini kabisa, mwanzo wa jangwa. Nyota za kule, jamani, siwezi kuzieleza.

Asubuhi ya siku ya pili tukaingia kipande kinachoitwa Dodson Trail. Kama kilomita 18 hivi. Kwenye ramani unaona mstari tu, unasema hii si kitu. Kumbe ni vilima na makorongo, unashuka korongo kavu, unapanda, unashuka jingine. Kivuli hakuna. Kila mmea una miiba: dungusikakati, na mmea mfupi wenye majani kama sindano unaoitwa lechuguilla, ukikosea hatua unakuchoma mguu. Kulia kwetu lilisimama lile genge la South Rim, na juu yake ilikuwa misitu tuliyoiacha jana. Unaiona, lakini huifikii.

Ilipofika saa sita na nusu mchana, mwenzangu wa Mexico akaanza kubaki nyuma. Akasimama. Tulipomrudia alikuwa amekaa juu ya jiwe, anashika paja, misuli imembana. Maji yake yalikuwa yamekwisha. Tulikuwa tumebakiza kama kilomita sita kufika kwenye sanduku, na kwenye joto lile kilomita sita ni mwendo mrefu. Watu wameshakufa kwa joto katika hifadhi ile, na tangazo lake tulikuwa tumelisoma wote.

Akanigeukia mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa karibu. Akauliza kwa sauti ya chini, "Ndugu, wewe umebakiwa na maji?"

Mkononi nilikuwa na chupa yenye nusu lita. Chini ya begi, nimeiviringisha ndani ya sweta, nilikuwa na chupa nyingine ya lita moja, imejaa, haijafunguliwa.

Nikainua ile ya mkononi nikasema, "Hii tu ndiyo imebaki."

Ndivyo nilivyosema. Yaani sikufikiri hata sekunde mbili, ulimi ulitangulia. Kiongozi wetu hakuuliza kitu. Alivua begi, akatoa chupa yake, akampa, akasema, "Kunywa. Polepole." Kisha akamsogeza kwenye kivuli kidogo cha ukingo wa korongo, tukakaa pale mpaka jua lilipopungua. Akachukua hema la mwenzetu akalifunga kwenye begi lake yeye. Mimi nikatoa tone langu kutoka ile nusu lita, ili nionekane nami nimechangia.

Sasa sikilizeni nilichokuwa nawaza pale kivulini, maana hapo ndipo penye tafakari ya leo. Sikuwaza, "Mimi ni mwizi." Nilikuwa na andiko! Niliwaza wanawali kumi. Niliwaza kwamba wale watano wenye busara walipoombwa mafuta walikataa, na Bwana hakuwalaumu, tena aliwaingiza arusini. Nikajiambia: mimi nimebeba vizuri, yeye amefanya uzembe, busara si dhambi. Nina shahada ya falsafa, wapendwa. Ukishajua kupanga hoja, utapata hoja ya kufunika jambo lolote.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki: Jumapili iliyotangulia ilikuwa ya tatu ya Kwaresima, masomo ya mwaka A. Tulisomewa Waisraeli wakilia kiu jangwani, na Musa akipiga mwamba. Tukasomewa Yesu akiwa amechoka, amekaa kisimani saa sita mchana, akimwomba mwanamke Msamaria maji ya kunywa. Saa sita mchana! Nilihudumu altareni siku hiyo. Siku chache baadaye, saa ileile, mtu akaniomba maji, nami nikamwambia sina.

Chupa imesafiri mbali

Tulifika kwenye sanduku kama saa kumi jioni. Mwenzangu alikuwa anatembea kwa kuburuta mguu, lakini tulifika. Tukafungua mlango wa chuma, na madumu yetu yalikuwa pale, majina yetu yameandikwa kwa mkono wetu wenyewe. Sijui nikuelezeje furaha ile. Ni kama barua uliyojiandikia ukiwa mzima, unaisoma ukiwa mgonjwa.

Mwenzangu ndiye aliyefungua dumu lake kwanza. Na kabla hajanywa, akachukua chupa yangu tupu akaijaza. Mimi kwanza. Kwa nini? Kwa sababu aliniamini. Alidhani nami nilikuwa nimetembea jangwa lile na nusu lita.

Nikanywa. Hayo maji yalikuwa matamu na machungu kwa pamoja.

Jioni tulipokuwa tunatoa vitu kwenye mabegi ili tupike, nikavuta sweta, na ile chupa ikadondoka, ikaviringika mpaka miguuni pake. Imejaa mpaka mdomoni. Kimya. Kiongozi wetu aliiangalia, akaendelea kuwasha jiko. Mwenzangu akaiokota, akaigeuza geuza, akanirudishia, akasema taratibu, "Ndugu, hii imesafiri mbali."

Basi. Hakusema kingine. Afadhali angenitukana.

Usiku nilimfuata akiwa amekaa nje ya hema lake. Nikamwambia yote, na ile hoja ya wanawali pia. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema kwamba naye ana la kuniambia. Asubuhi ile kiongozi alipouliza kama kila mtu ana lita nane, yeye alikuwa nazo sita. Mbili aliziacha kwenye gari kwa siri, kwa sababu begi lilimlemea na hakutaka sisi tumwone dhaifu. "Mimi niliona aibu kusema sina," akasema, "na wewe uliogopa kusema unazo."

Tulisameheana pale. Kiongozi wetu akatuita tule.

Sura moja, na mimi niliishia njiani

Tuliporudi nilifungua Biblia, nikatafuta Mathayo sura ya 25. Wapendwa, wengi wetu tunaijua sura hiyo vipande vipande. Fungua sasa uiangalie yote. Inaanza na wanawali kumi. Inafuata talanta. Na inaishia wapi? Inaishia kwenye hukumu ya mwisho, Mfalme akitenga kondoo na mbuzi, na kipimo anachotumia ni kama tulimpa chakula alipokuwa na njaa na maji alipokuwa na kiu. Ni sura hiyohiyo! Mimi pale kivulini niliisoma nikaishia aya ya 9, mahali panaponifaa. Kama ningeendelea mpaka aya ya 35 ningefungua begi.

Je, Injili inajipinga? Hapana. Mafuta ya wanawali na maji ya yule mwenye kiu ni vitu viwili tofauti. Mafuta yale ni maisha yako mwenyewe mbele ya Mungu: imani yako, toba yako, upendo ulioujenga siku kwa siku. Hayo hata nikitaka nikupe siwezi. Siwezi kuungama kwa niaba yako. Mama yako anaweza kukuombea usiku kucha, na aendelee hivyohivyo, lakini ile "ndiyo" ya kumjibu Mungu lazima itoke kinywani mwako. Wanawali wenye busara hawakuwa wachoyo, walikuwa wanasema ukweli kwamba kuna kitu hakigawanyiki.

Maji yanagawanyika. Na muda wako, na ada, na nauli. Hata daftari la notisi, sikio la kusikiliza, na ile elfu kumi iliyobaki kwenye simu. Dosari yangu ilikuwa kuyageuza maji yangu yakawa mafuta. Kitu kinachogawanyika nilikiita kisichogawanyika, kisha nikajiita mwenye busara.

Mtakatifu Paulo anaweka mambo haya mawili katika sura moja ya barua kwa Wagalatia. Sura ya 6, aya ya 2, anatutaka tubebeane mizigo, maana ndivyo inavyotimizwa sheria ya Kristo. Aya ya 5, mistari mitatu tu mbele, anasema kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Ukisoma haraka unasema Paulo amejisahau. Hajajisahau. Alijua kuna mzigo wa kusaidiana na kuna mzigo ambao ni wa kwako peke yako, na ukomavu wa Mkristo ni kujua upi ni upi.

Naye Mtakatifu Thomas wa Akwino, ambaye mimi ninamsoma darasani na nilimsahau jangwani, anafundisha mambo mawili yanayohusika hapa. Kwanza, anasema kuona mbele ndiyo sehemu kuu ya busara. Kwa hiyo kubeba maji ya kutosha, kuweka akiba, kujiandaa, hayo ni fadhila. Mwenzangu alikosea, na yeye mwenyewe anakiri. Lakini Thomas huyohuyo anafundisha kwamba shida ikifika ukingoni, vitu hurudi kuwa vya wote, maana Mungu aliviumba ili viwasaidie watu wote. Utaniuliza: je, mwenzako alikuwa kweli amefika ukingoni? Sijui. Ila ninachojua ni kwamba pale nami sikujua, na bado nilificha.

Mkonge wa nyumbani

Kuna kitu kingine nilikiona kule. Siku ya tatu, tukipanda bonde la Blue Creek, nilikuta mimea mikubwa yenye majani manene yenye ncha, ikinikumbusha nyumbani. Ni ndugu wa mkonge! Mimi nimekulia karibu na mashamba ya mkonge, na sikujua kwamba ukoo wake ni wa huku. Mkonge wetu asili yake ni Mexico. Uliletwa kwetu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, kupitia Florida, na inasemekana miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mashamba yote tunayoyaona ukitoka Tanga kwenda Korogwe yalianzia kwenye miche michache namna hiyo.

Wale wa Big Bend wanakaa miaka ishirini, thelathini, hata zaidi, wakijaza majani yao. Jangwani pale, pasipo mvua, mmea unaweka akiba polepole. Mtu anayepita atasema huu ni mchoyo, umejaa miiba na hautoi kitu. Kisha mwaka mmoja unatoa mlingoti, na watu wa Tanga wanaujua mlingoti wa mkonge. Unapanda juu, mrefu kuliko mtu, na akiba yote iliyowekwa miaka hiyo inakwenda kwenye maua. Ndege, popo na nyuki wanakula. Halafu mmea wenyewe unakufa.

Nilisimama mbele yake muda mrefu mpaka wenzangu wakaniita. Niliona kwamba kuweka akiba si dhambi. Swali ni moja tu: unaweka kwa ajili ya nini? Chupa yangu ilikuwa akiba isiyo na maua. Ilitoka jangwani ikiwa imejaa, na haikumsaidia mtu yeyote, hata mimi mwenyewe. Niliibeba kilo moja ya ziada bure, kilomita zote zile.

Wewe uko upande gani?

Sasa tuje kwetu, maana si lazima uende Texas kukutana na jangwa. Kuna kijana amemaliza chuo mwaka wa tatu huu, ametuma maombi ya kazi mpaka amechoka, na nyumbani wanamwangalia. Kuna dada amevunjiwa uchumba na bado anaimba kwaya kila Jumapili kama hakuna kitu. Mwingine ni mgonjwa na anaficha. Mwingine ameshaacha kusali, lakini bado ni katibu wa vijana parokiani na anaona aibu kusema. Wote hao wako Dodson Trail, saa sita mchana.

Kwa wewe uliyeishiwa nina neno moja: sema mapema. Ukisema asubuhi kwamba una lita sita, tutagawana mzigo tukiwa bado kambini. Eliya, nabii mkubwa vile, alipomkimbia Yezebeli alimwacha mtumishi wake Beersheba akaingia jangwani peke yake, na ni huko peke yake ndipo alipoomba afe. Angalia Mungu alivyomtendea. Hakumkemea, na safari ya kwenda Horebu haikufupishwa. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, akalala tena, malaika akaja mara ya pili. Kwa nguvu ya chakula hicho akatembea siku arobaini. Kumbe hata nabii anachoka, na Mungu haoni aibu naye. Kama umefika mahali pa kutamani kufa kama Eliya, tafadhali usibaki jangwani peke yako. Mwambie mtu leo: padre, mzazi, rafiki, daktari. Leo hii, si wiki ijayo.

Na kwako uliyebakiwa na maji: usingoje uombwe. Kiongozi wetu hakuuliza nani alikosea hesabu. Mahubiri angeweza kuyatoa jioni, na hata jioni hakuyatoa. Alitoa chupa. Siku hizi sisi vijana tuna maneno mazuri sana ya kumtia mtu moyo, tunaandika "nakuombea" na tumaliza. Omba, ndiyo. Lakini kwanza angalia chini ya begi lako, ndani ya sweta, kuna nini?

Na sote wawili, tusilisahau lile sanduku. Maji yaliyotuokoa siku ya pili yaliwekwa siku ambayo hatukuwa na kiu. Sala ya asubuhi unayoiona kavu, Misa ya Jumapili uliyokwenda huku unasinzia, kitubio ulichokifanya bila machozi, hizo ni dumu unaziweka mbele ya safari yako. Leo hujisikii kitu, ni sawa. Andika jina lako na tarehe, funga mlango, endelea. Siku utakayotokea jangwani miguu ikiwa imebana, utazikuta. Na Kanisa linajua hilo: ndiyo maana Ekaristi anayopewa mtu anayekaribia kufa inaitwa kwa Kilatini *viaticum*, masurufu ya safari. Mtu hupelekewa saa ile, lakini aliyeizoea mezani pa Bwana maisha yote ndiye anayeitambua haraka.

Mwisho kabisa, kumbuka kwamba Bwana mwenyewe pale msalabani alisema ana kiu. Hakuona aibu kusema. Yeye aliyetoa maji kwenye mwamba aliomba, mbele ya watu wote. Kumbe kusema "sina" si udhaifu wa imani. Na kila ninapokumbuka sauti ile ya chini ikiniuliza kama nimebakiwa na maji, sasa najua ilikuwa sauti ya nani.

Maazimio ya wiki

Chagua moja tu, ulifanye kweli.

1. Taja kwa mtu mmoja unayemwamini jambo moja ambalo umekuwa ukijifanya unalo na kumbe huna.
2. Tafuta kitu kimoja chenye thamani ulichokificha, pesa, muda au ujuzi, ukampe mwenye kiu kabla hajaomba. Usimpige picha.
3. Weka dumu moja kwenye sanduku: kama una miezi hujaungama, nenda Jumamosi hii.

Tusali

Bwana Yesu, uliyekaa kisimani ukiwa umechoka, utusamehe sisi tuliokunyima maji tukiwa nayo. Utupe busara ya kujaza taa zetu, na utuondolee uchoyo unaojiita busara. Uwakumbuke leo wote wanaotembea peke yao jangwani, uwatumie malaika mwenye mkate na maji, na kama malaika huyo ni mimi, usiniache nipite. Mama Maria, wewe uliyeona kule Kana kwamba divai imekwisha kabla mtu hajaomba, utufundishe kuona. Amina.

Mwenzangu na mimi bado tunakaa darasa moja. Chupa ile ninayo, iko juu ya meza yangu ya kusomea. Kila akipita chumbani kwangu huiangalia, anacheka, ananiuliza kama imesafiri tena.

Mungu awabariki. Nikumbukeni katika sala zenu, nami nawakumbuka.